Mtihani wa Mugumu
Adai mwandishi mmoja kwamba atakaye mwongozo katika usanifu wa programu za simu hana budi kwenda Dar es Salaam kuwasikiliza wataalamu, kwani vijijini, asema, hamna watumiaji wa maana. Ajabu! Huko Mugumu, wilayani Serengeti, ambako Rhobi Samwelly, anayewahifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji, na wanakijiji wenye simu, wakishirikiana na Crowd2Map, mradi ulioanza mwaka 2015, walitia ramanini njia na vitongoji visivyokuwamo, ili binti afikiwe usiku wa Desemba kabla ngariba hajamfikia, programu huulizwa swali moja: je, yafunguka pasipo mtandao? Mtaalamu gani wa ghorofani amepata kutahiniwa hivyo? Ama shahada zake, hizo tusizipotezee wino.