Anayemlinda Faru Naye Alindwe

Asimamaye Shimo la Mungu, mjini Newala, huuona uwanda wa Makonde ukikatika ghafla na bonde la Mto Ruvuma likitandaa chini yake. Tukiufuata mto huo kuelekea magharibi, tunafika Nanyumbu, lilipo Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, kisha Tunduru, ambako wanyama huvuka kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji.

Kusini hii ilikuwa nchi ya faru. Katika miaka ya 1970, Selous ilikadiriwa kuwa na faru weusi zaidi ya 2,000. Vipusa vikatafutwa kwa ajili ya mipini ya majambia huko Yemen na dawa za kienyeji barani Asia. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 1977, lakini mauaji yakaendelea. Hata Operesheni Uhai ilipoanza mwaka 1989, waliosalia walikuwa wachache mno. Marufuku peke yake haikutosha, kwa kuwa jangili atokaye mbali huhitaji mwenyeji: wa kumwonyesha njia, wa kumbebea mzigo, na wa kunyamaza.

Basi ulinzi wa kweli huanzia kijijini. Katika hifadhi za jamii kama Nalika na Chingoli, wilayani Tunduru, vijiji vimetenga ardhi yao wenyewe, na vijana wao hufanya doria wakiwa askari wanyamapori wa vijiji, kwa sehemu kubwa kwa moyo wa kujitolea. Matumaini yapo: faru weusi wa Afrika, waliokuwa wapatao 65,000 mwaka 1970 na kupungua hadi chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990, sasa wamepita 6,000. Wameongezeka pale walipolindwa usiku na mchana.

Hata hivyo, kujitolea ni sadaka, wala sadaka haidaiwi kwa nguvu. Kijana anayekesha porini huenda akarudi alfajiri akakuta tembo wamemaliza mihogo ya mama yake. Kifuta jasho kinachotolewa kwa mujibu wa kanuni, kama jina lake linavyosema, si fidia. Tukimwacha mlinzi huyo bila viatu, bila bima na bila posho, tunamwachia jangili nafasi ya kumshawishi.

Hayati Papa Fransisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwetu sisi, mafundisho hayo yana sura ya kijana huyo. Tunazisihi jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwaombee walinzi hawa na kuzitembelea familia zao. Na waamini wanapohudhuria mikutano ya vijiji, waulize mapato ya uhifadhi yametumikaje na mlinzi amepata nini. Tena tusiwe wenyeji wa jangili. Mungu aliyemkabidhi mwanadamu bustani ailime na kuitunza, atatudai faru. Atatudai pia huyo aliyemlinda.