Riwaya Zetu Zina Masofa Mengi Mno

Waandishi wenzangu, leo naomba tugombane.

Nimesoma hadithi nyingi za vijana wa rika langu, zangu zikiwamo, na karibu zote zina sebule moja: sofa la ngozi, zulia jekundu, kabati la vioo. Mhusika akifiwa, huangukia sofa. Akipendwa, hukalia sofa. Haya, tuulizane: nani kati yetu ana sofa la ngozi? Tunaandika tumekalia ndoo, halafu tunaona haya kuitaja ndoo.

Mimi nina meza. Chini ni miguu ya chuma ya chereheni ya Singer, ile ya kukanyaga, niliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu Gerezani. Nilipimiwa kwa kilo, kama nyama. Juu ni ubao wa mlango wa nyumba iliyobomolewa, mninga mtupu. Palipokuwa na kitasa pamebaki tundu, natia kalamu.

Mshikaji wangu mmoja alipoingia geto akacheka hadi akakohoa. "Bwana wee, umefungua jalala?" Shati alilovaa lilitoka Karume, mtumba, na mwenyewe alishanitambia jinsi alivyoliwahi robota likifunguliwa. Kwa nini shati la mtumba liwe ujanja na meza ya mtumba iwe aibu? Kwa sababu shati halisemi lilikotoka. Meza yangu inasema.

Zanzibar na Lamu, mbao za majahazi makuukuu hufanywa meza na vitanda, na watalii husifu kila tundu la msumari. Tundu lile lile likiwa Mbagala, linaitwa umaskini. Basi ubaya hauko kwenye ubao. Uko kwenye macho yetu, yanayongoja mgeni asifu kwanza.

Mtasema nausifu ufukara. Hapana! Ufukara ni kukopa ununue kabati la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, linyeshewe mara moja livimbe kama andazi. Wala sisemi kila kiokotwacho kinafaa. Mapaleti, kwa mfano, yasomeni kwanza. Kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002, yale yanayovuka mipaka hupigwa muhuri: HT, mbao zimepashwa joto, MB, zimefukizwa methili bromaidi, dawa ya wadudu ambayo ni sumu. La MB usilifanye kitanda. Kazi hii inataka akili, si kuokota tu.

Na sasa niungame. Mjomba alipokuja kunitembelea, niliifunika meza kwa kitambaa mpaka chini. Akakaa, akanywa chai, goti likagonga chuma. Akafunua. Akakaa kimya kidogo.

"Hii kama ya mama yako," akasema.

Mama alinisomesha mpaka kidato cha nne kwa chereheni kama ile. Nami nilikuwa nimeificha! Tena kwenye mswada wangu, mama wa shujaa nilikuwa nimempa sofa la ngozi.

Usiku ule nililitoa lile sofa sura ya kwanza, nikaingiza chereheni. Mama wa kwenye karatasi, aliyekuwa amekaa kama picha miezi minane, akaanza kusema.

Nanyi yatoeni yenu. Anayebisha aniandikie. Nitamjibu nikiwa mezani.