Pambizo za LaTeX: sifuri si sifuri

Rafiki yangu alirudishiwa tasnifu kwa sababu ya pambizo. Chuo kilitaka sentimita 4 kushoto, naye kwenye LaTeX, programu ya kupanga kurasa, akaandika \oddsidemargin iwe 4cm. Akaprinti, akapima kwa rula: 6.54! Kulia hakukubaki hata sentimita moja.

Jamani, kosa si lake. LaTeX huingia kwanza inchi 1 ndani ya karatasi, yaani sentimita 2.54, kisha huongeza namba yako. Ukitaka 4, andika 1.46. Ukiandika 0, unapata 2.54. Jina lenyewe pia linapotosha: linataja kurasa za namba witiri, ilhali waraka wa upande mmoja hulitumia kwa kurasa zote.

Maoni yangu ni haya: kitu kikiitwa pambizo, kipimwe kuanzia ukingo wa karatasi. Pakeji ya geometry hufanya hivyo. Andika left=4cm, upate 4. Kwa kitabu cha pande mbili tumia inner na outer, maana penye mshono ndipo maandishi humezwa. Hesabu za kutoa tuiachie kompyuta, sisi tumalize tasnifu.