Usiniambie "It Is What It Is", Niulize Nimelala Wapi

Wasee, leo naanza kwa kujiripoti mwenyewe kabla sijaripoti mtu mwingine.

Miezi kadhaa iliyopita, beshte yangu wa Kawangware alinitumia ujumbe usiku, mida ya saa tatu: "Buda, landilodi ameweka kufuli kwa keja." Huyu ni mtu tumejuana tangu darasa la tano. Mimi nilikuwa hapa Laini Saba, nimejilaza kitandani, namalizia video ya kesho. Nikasoma. Nikaskia vibaya kidogo. Nikaandika: "It is what it is, bro. Every cloud has a silver lining." Nikaweka na emoji ya mikono ya maombi, nikarudi kwa video yangu.

Akajibu neno moja: "Sawa."

Wiki mbili baadaye tukapatana Toi Market. Nikamuuliza ile stori ya kufuli iliishia wapi. Akacheka kile kicheko cha mtu hajafurahi. Alikuwa amelala siku tatu kwa benchi ya kinyozi ya binamu yake. Nikamwambia, sasa si ungeniambia ukuje kwangu? Hata kwa mguu ungefika. Akaniangalia, akasema: "Nilikuwa nangoja uniulize nimelala wapi."

Manze. Sijawahi kupewa jibu likanikaa kwa kifua hivyo.

Angalia venye ilienda. Mtu mwenye aibu hakuambii moja kwa moja "nipe mahali pa kulala". Anakuambia kuhusu kufuli, halafu anakuachia nafasi umuulize. Hiyo nafasi ndiyo ombi lenyewe. Mimi niliijaza na Kizungu, mazungumzo yakaisha, na nikalala nikijiona rafiki mzuri.

Na najua siko peke yangu. Fungua simu yako sa hii uangalie. Mtu amefutwa kazi, anaambiwa "everything happens for a reason". Mtu amefiwa, "this too shall pass". Mtu ameachwa, "plenty of fish in the sea". Tunajibu haraka, tunajibu vizuri, na hakuna mtu ameuliza chochote.

Tulitoa wapi hii tabia? Kama ulifanya KCPE kabla iishe 2023, unajua. Insha ya Kizungu ilikuwa alama 40, na ilikuwa lazima uipambe. Kila mtoto wa Kibera aliamka "at the crack of dawn". Kila mtoto alifurahi akawa "over the moon", hata kama shangazi ameleta tu mkate. Tulikuwa tunakariri misemo kwa daftari kama jedwali la kuzidisha. Hatukuambiwa itumike kumfariji mtu. Ilikuwa ya kuchukua alama. Sasa tumekuwa watu wazima, hakuna mwalimu wa kusahihisha, lakini mtu akituletea habari nzito bado tunaandika kama tunatafuta 40 kwa 40.

Halafu kuna ile disk. Shule nyingi ulikuwa ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani, unapewa disk, na jioni unaona cha mtema kuni. Hii kitu ni ya zamani. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwenye Decolonising the Mind, 1986, kwamba enzi zake mtoto akishikwa akiongea Gikuyu shuleni anachapwa ama anavishwa kibao cha chuma shingoni. Kwa hivyo tumefunzwa tangu tukiwa wadogo kwamba ukiwa kwa hatari, Kizungu ndicho kinakuokoa. Sishangai basi kwamba rafiki akikuambia kitu kinatisha, vidole vinakimbia huko vyenyewe.

Na si sisi vijana tulianza kufunga watu mdomo hivi. Machi 2013, Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi wa Uhuru Kenyatta, na kila aliyelalamika akawa anaambiwa "accept and move on". Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka venye watu wazima walikuwa wanarushiana hayo maneno. Baadaye hata bei ya unga ikipanda, jibu lilikuwa hilo hilo. Mtu anakuambia ana njaa, unamwambia asonge mbele. Asonge akiwa na nini tumboni?

Sa hii kuna mtu anasema: "Wewe mwenyewe unaongea Sheng, Kizungu kimekukosea nini?" Swali poa. Mimi si polisi wa lugha. Lakini angalia venye Sheng hufanya na Kizungu. "Rada" imetoka kwa ile mitambo ya kuona ndege angani. "Form" ni neno la Kizungu pia. Mtaa uliyachukua ukayageuza maswali: "Niaje, rada?" "Form ni gani?" Ukiulizwa form, lazima useme uko aje na unaenda wapi. Maneno ni ya kukopa, lakini kazi yake ni kumfungua mtu. Kwa hivyo shida yangu si Kizungu. Shida yangu ni jibu lililopikwa likapoa, unalompa mtu bila kuangalia uso wake.

Na tusijidanganye ati Kiswahili ni kisafi. "Ndo maisha." "Tutado?" "Mvumilivu hula mbivu." Hizo pia zinauma ukirushiwa na mtu ameshiba. Lakini wazee wetu, wengi wao, wanajua kitu gani kinatangulia.

Mamangu ana methali kuliko kamusi. Nilipoacha campus mwaka wa pili kwa sababu ya karo, niliandika kwa grupu ya darasa letu. Watu saba walinijibu, na wanne kati yao wakaniambia "when one door closes, another one opens". Hakuna hata mmoja aliuliza huo wa kwanza ulifungwa na nini. Nikaenda nyumbani nikamwambia mathee. Yeye akauliza, "Wanadai ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza. Sote tulijua hiyo pesa haiko. Halafu akauliza, "Na umekula?" Methali ilikuja kesho yake asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, na kufikia hapo nilikuwa naweza kuibeba.

Hakuwa na pesa. Hakubadilisha chochote kwa ile ofisi ya karo. Lakini alitaka kujua shida yangu ina ukubwa gani, na hiyo peke yake ilinipunguzia nusu.

Nitakubali kitu kimoja. Mwenye shida akisema mwenyewe "it is what it is", hiyo ni haki yake. Pengine amechoka kuongea, mwache. Lakini wewe ambaye hujalala nje huwezi kumsemea.

Sasa mimi nimejiwekea mtihani. Kabla ya kutuma msemo wa Kizungu kwa mtu ako na shida, nausema kwanza kwa Kiswahili, nikifikiria amekaa mbele yangu. "Kaka, nyumba yako imefungwa, lakini kila wingu lina ukingo wa fedha." Unaona aibu? Basi hata kwa Kizungu kilikuwa kitu cha aibu, ni vile tu hukukisikia.

Beshte yangu alipata keja nyingine huko huko Kawangware. Jumatatu iliyopita, mvua ikinyesha, akanitumia ujumbe: "Maji imeingia kwa nyumba." Vidole vyangu vilikuwa vishaanza, "When it rains..." Nikafuta. Nikaandika: "Godoro limelowa?"

Akanijibu na sauti ya dakika nne. Nikaisikiliza yote, nikavaa viatu.