Mkunga Anauliza, Mama Anakana

"Mama, unavuta sigara?" Mkunga anauliza huku macho yakiwa kwenye kadi, na benchi limejaa mpaka mlangoni. Mama anasema hapana. Mmoja anakana kwa kuogopa kukaripiwa mbele ya wenzake. Mwingine anasema kweli, havuti, ila ana ugoro chini ya mdomo. Kwenye kadi wote wawili ni wazima.

Makala haya yanahusu kumsaidia mjamzito aachane na tumbaku, na kwangu karipio si msaada. Anayevuta ameshaambiwa kuwa ni vibaya: na mama mkwe, na jirani, na pakiti yenyewe. Aache vipi, hapo ndipo watu hunyamaza.

Huko Glasgow, Scotland, walijaribu jambo ambalo wengi wetu tungelicheka. Wajawazito 612 wanaovuta waligawanywa makundi mawili. Wote walipata ushauri wa kawaida, na kundi moja likaahidiwa pia vocha za manunuzi, hadi pauni 400 kwa atakayeacha. Maneno matupu hayakutosha. Mama alipuliza kwenye kifaa kinachopima kaboni monoksaidi, sumu ileile ya jiko la mkaa lililolazwa chumbani, na mwishoni yakapimwa mate au mkojo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kwenye kundi la vocha waliacha asilimia 22.5, kwa wenzao 8.6.

Wapo watakaouliza, mtu alipwe kwa kuacha kujidhuru? Mimi sioni ubaya. Uvutaji huongeza hatari ya kuzaa njiti; mtoto njiti hulala wodini wiki kadhaa, na gharama hiyo nayo kuna anayeilipa.

Vocha za namna hiyo kliniki zetu hazina, silibishi. Lakini swali zuri halihitaji bajeti. Mama aulizwe pembeni, akiwa peke yake: "Unatumia tumbaku yoyote? Sigara, ugoro, kuberi?" Ugoro hauna moshi, ila nikotini yake hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na magadi yanayochanganywa humo huifanya iingie mwilini haraka zaidi. Wapo wanaouweka mdomoni ili kutuliza kichefuchefu. Huyo atibiwe kichefuchefu kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kuacha. Na baba anayevuta chumbani? Kina baba tumeshazoea kuwaita kliniki kupima VVU. Siku hiyohiyo akifika, aulizwe na yeye.