Si Kila Mwenye Pembe ni Swala

Katika mabweni yetu iko desturi moja isiyonipendeza. Ukiwaonyesha wanafunzi picha ya mnyama yeyote wa porini mwenye pembe na miguu myembamba, wengi watasema, "Swala!" Kwa maoni yangu, huo ni umaskini wa lugha na wa elimu pia.

Ni kweli kwamba wanyama hao wote ni wa jamaa moja na ng'ombe na mbuzi. Pembe zao zina mfupa ndani, wala hazianguki kila mwaka kama zile za ayala wa Ulaya. Lakini wamegawanyika. Nyumbu, kongoni na nyamera ni kundi moja: nyuso ndefu, mabega yaliyoinuka kupita kiuno, na dume na jike wote wana pembe. Palahala, korongo na choroa ni kundi jingine, lenye pembe ndefu za pingili, na jike anazo vilevile. Kuro na tohe hupenda kukaa karibu na maji, na kwao dume peke yake ndiye mwenye pembe. Hata midomo ni mbalimbali: nyumbu ana mdomo mpana wa kukatia majani mafupi, na kongoni ana mdomo mwembamba wa kuchagulia majani mabichi katikati ya makavu.

Wako wenzangu wasemao kwamba majina haya ni kazi ya mabwana nyama. Sikubali. Huko Afrika Kusini alikuwako ndugu wa palahala na korongo, mwenye rangi ya kijivu cha samawati. Aliwindwa hata akatoweka kabisa, yapata mwaka 1800. Leo, upande wa Kenya karibu na mpaka wa Somalia, yuko hirola, afananaye na kongoni. Wamebaki mamia machache tu. Mtu awaitaye wote swala atawatazama nyumbu wa Serengeti, ambao wanapita milioni moja, naye atasema swala wamejaa tele. Hirola atakwisha, naye asijue kwamba kuna aliyekwisha.

Basi nashauri kila darasa libandike ukutani picha za wanyama hawa pamoja na majina yao ya Kiswahili. Nasi tukienda likizo, tuwaulize wazee wetu majina yao katika lugha za nyumbani. Wazee hao hawatakuwako daima.