Bibi harusi, duarani si pa kupigia picha

Mimi nashona magauni ya harusi hapa Musoma, na siku hizi kila bibi harusi anataka picha za mahali pa ajabu. Wengine wanashawishiwa waingie maduara ya zamani ya dhahabu, Buhemba na Kiabakari, wilayani Butiama. Mimi nasema msiingie.

Dhahabu huko imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Matimba yanaoza, mvua inalegeza kuta, na hewa ya chini inaweza kuua bila hata kunuka. Wachimbaji wenyewe, wanaoijua kazi, hufukiwa na kifusi. Wewe na shela la mita tatu utakimbilia wapi? Na wanapochomea dhahabu kuna zebaki. Mwenye mimba changa akivuta moshi wake, sumu humfikia mtoto tumboni.

Mume aking'ang'ania, mwambie kwa upole kwamba mwili ni amana. Mpeleke Mwitongo, Butiama, kwa Mwalimu Nyerere. Ukitokea Bunda unakata kulia pale Makutano. Mawe makubwa, upepo, mwanga wa kutosha. Gauni tu ulipandishe kidogo, mawe yanachana pindo.